Buti Chini ya Meza

Mlinzi wa bunge aligonga mara moja tu, akaingia. Marisela, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya mbunge, aliruka kitini kama aliyekalia kaa la moto.

"Binti, Mheshimiwa wako yuko wapi? Ukumbini anakosekana mbunge mmoja tu ili idadi ya kupigia kura itimie. Nikimpeleka, kura inapigwa, hospitali yenu ya kule kwenu inafungwa, na mimi naenda kula."

Mheshimiwa alikuwa chini ya meza, amejikunja kama shuka sandukuni. Ndiye aliyekuwa mbunge mrefu kuliko wote Texas. Haki ya Mungu, hata ndege walikuwa wakimpisha.

"Katoka, mzee."

"Usinidanganye! Nyie wanafunzi wa ufadhili mliapa kusema kweli. Ukimdanganya askari wa bunge, ufadhili umekwisha, na chuo kwaheri."

Marisela alijua. Ufadhili ndio uliomlipia ada, chumba, na hata maharage ya jana. Lakini hospitali ile ndiyo iliyokuwa ikimsafisha mama yake damu.

Mlinzi akateremsha macho sakafuni. Ncha ya buti la ngozi ya mamba ilikuwa imechungulia chini ya meza.

"Hilo la nani?"

"Langu."

"Lako! Si unaweza kulala humo? Haya, livae nione."

Marisela akainama, akalivuta huku akiomba mguu wa Mheshimiwa ubaki chini ya meza. Ukabaki. Akatumbukiza wake, buti likamfika pajani, lina joto kama mkate.

Mlinzi akapiga makofi taratibu.

"Limekupendeza, mwanangu. Na la pili?"