Mayowe Kwenye Redio ya Upepo

Hamtaamini, ila haki ya Mungu ilitokea! Enzi hizo mtandao ulichuja vilio vyote: mtu akilia simuni, wewe unamsikia anacheka. Sekela akachomelea nyaya za redio ya upepo ya marehemu baba yake, ile ya kusikia na kujibu kwa kubonyeza kitufe, akaiwasha jikoni. Simuni, mdogo wake, Ambwene, alikuwa anacheka, "Tuko salama, dada." Redioni, kusikochujwa, sauti yake ile ile ilikuwa inapiga mayowe: "Dada, askari wanatuchinja! Tukimbilie daraja lipi?"

Dirishani Sekela aliliona daraja lisilo na askari. Lakini simuni jibu lingechujwa pia; na ukijibu tu redioni, askari wanafuata mawimbi mpaka kwako, wanachoma nyumba na waliomo.

"Thubutu ubonyeze! Unataka wajukuu wangu waungue?" mama mkwe akafoka. Mchi aliokuwa ameshika ukatua, mkono wa kulia wa Sekela ukavunjika ko!

"Dada, jibu basi!"

Mkono wa kushoto ulikuwa bado mzima. Ungekuwa wewe, ungebonyeza?