Kata Mkononi mwa Agapiti

"Kunywa, au pisha wenzako!" mama mwenye pombe, jirani yake Agapiti, alifoka. "Jumapili uliapa mbele ya padri kwamba umeacha. Leo unafuata nini kwenye mtungi wangu?"

"Shemeji, hata sijui. Miguu imenileta."

Tulicheka, sisi vibarua wa mashamba ya karanga ya Nachingwea tuliokuwa tunangoja zamu. Mtungi mmoja, kata moja ya kunywea, na Agapiti kaishika imejaa. Pombe ya mabibo ilifurika ukingoni, ikamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Basi apa tena!" mmoja wetu akamtania.

"Nimechoka kuapa," akasema. "Kila nikiapa naanguka. Safari hii namwomba Mungu tu anishike, maana mwenyewe siwezi."

Kicheko kikakatika. Huku kwetu kata haimwagwi chini, wala hairudishwi imejaa. Ukiirudisha, umemwambia mwenye pombe kwamba ametia sumu, tena mbele za watu. Hakuwa na pa kuipeleka ila mdomoni.

Akaiinua. Ikamgusa mdomo wa chini. Akafumba macho.

Yule mama akainuka kwenye kigoda, akambandua kidole kimoja kimoja, akaichukua kata na kuinywa mwenyewe mpaka tone la mwisho. Akajifuta mdomo kwa kanga.

"Mnatazama nini? Kata yake imeshanywewa." Akachota maji kwa kopo, akammiminia mikononi. "Nawa, shemeji. Ingia ndani ule, ugali bado wa moto."