Mtegemezi Wangu

"Fomu yako imerudishwa, dada," alisema mama anayetujazia fomu za kodi, macho kwenye kompyuta. "Huyu bwana, kuna mtu mwingine ameshamwandika kwenye kodi yake kuwa mtegemezi wake."

Nikacheka. Mimi na Wendell hatujafunga ndoa, lakini anakula kwangu, analala kwangu, na tangu kiwanda cha vioo kimwachishe kazi hata wembe namnunulia mimi. Mji mzima wa Toledo unajua.

"Atakuwa mama yangu," Wendell akasema upesi.

"Mama yupi? Huyo wa makao ya wazee, aliyepoteza kumbukumbu hadi ananiita nesi?"

Mama wa kodi akajifanya anatafuta kalamu.

Wendell akainamisha kichwa. Nami nikaziona glavu zake, zimelala mapajani. Kidole gumba cha glavu ya kushoto kilitoboka wakati wa Krismasi. Sasa kilikuwa kimezibwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo, imepangwa kwa upole, kama ya mtu asiye na haraka ya kumwacha aondoke.

Mimi sindano sijawahi kuishika.

"Vaa glavu zako, mpenzi," nikamwambia, nikisimama. "Nje baridi. Halafu nipeleke kwa huyo fundi wako wa uzi mwekundu."