Pindo la Kanga

Kazi ya Bi Mwanakheri ilikuwa kukaa na wajawazito hospitalini, kuwasugua mgongo na kuwashika mkono mpaka mtoto atoke. Asubuhi ile alimwahidi Rehani, "Uchungu ukikuzidi, piga kelele mwanangu. Asikusimange mtu. Mimi nipo."

Uchungu ulipokolea, Rehani alipiga ukelele mmoja. Muuguzi akageuka kutoka kitanda cha pili. "Vipi huyo wako, Bi Mwanakheri? Mbona wenzake wametulia?"

Wodi nzima ikawatazama. Bi Mwanakheri alihisi uso unamwaka. Kabla hajafikiri, alikuwa ameshakunja pindo la kanga yake na kulisukuma kinywani mwa Rehani. "Uma hapa. Usinitie aibu."

Rehani alimtazama. Kisha akauachia mkono wa Bi Mwanakheri, akashika chuma cha kitanda, na hakutoa sauti tena mpaka mwanawe alipotoka na kulia.

"Hongera, mama jasiri!" muuguzi alisema. "Bi Mwanakheri, wewe unajua kuwafunda."

Alasiri Bi Mwanakheri alikwenda kumuaga. Rehani alikuwa akinyonyesha. Bila kuinua macho, akamrudishia kanga yake, imekunjwa vizuri.

"Ahsante, Bi. Natumaini sikukutia aibu."

Nje, Bi Mwanakheri aliikunjua ajitande. Jua likapenya kwenye pindo, katika matundu madogo yaliyopangana kama meno. Aliikunja tena, akaipakata kifuani, akapita katikati ya watu kichwa wazi.