Goti la Bi Mwanatumu

Goti la bandia la Bi Mwanatumu lilivimba hata akashindwa kusimama kusali. Hospitalini walilifungua, wakaondoa usaha, wakamrudisha nyumbani na dawa. Daktari alisema vijidudu vilitoka mdomoni mwa paka wake, aliyemlamba mchubuko wa mguuni, vikapita kwenye damu hadi gotini.

Jioni mwanawe Hemedi, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu mama atiwe goti hilo, alifika na gunia.

“Mama, leo mnyama huyu anatoka.”

Paka alikuwa amejikunja kitandani, miguuni pa Bi Mwanatumu. Bibi aliinuka kwa viwiko.

“Nilipolala hapa nikilia kwa maumivu, wewe ulikuwa wapi? Huyu ndiye aliyejua kama niko hai. Na huyo daktari, siku aliyonitia goti lake, alishindwa nini kuniambia nisilambwe kidonda? Neno moja tu, Hemedi! Leo ndiyo wote mmepata midomo!”

“Mama, mguu utakatwa.”

“Mguu ni wangu. Kidonda nitakifunga, na kulambwa silambwi tena. Lakini gunia lako halimtoi mtu humu.”

Hemedi akaketi ukingoni mwa kitanda, kichwa chini.

Bi Mwanatumu akauviringisha mkono kwa kanga asilambwe, akamsukuma paka polepole mpaka akaanguka sakafuni. Paka akasimama katikati ya chumba, akimtazama huyu kisha yule, asijue pa kulala.