Vumbi la Alumini

Mfuniko wa injini uling'aa hata fundi Mbaruku akaziona ndevu zake humo. Asubuhi ulikuwa umejaa kutu nyeupe ya alumini, kama mtu kaumwagia unga. Siki na brashi laini vingetosha, lakini yeye, kwa kupenda sifa, alishika msasa.

Kutu ilipotoka, pembeni palitokeza jina lililochorwa kwa msumari: Zaituni. Alilisoma. Mkono ulisita kidogo. Lakini mkwaruzo ule ulimharibia mng'ao wake, akausugua mpaka pakawa laini.

Sasa Bi Zaituni mwenyewe, aliyetoka eda juzi, alikuwa ameinama juu ya gari la marehemu mumewe.

"Mashallah, fundi! Marehemu angekuonea wivu." Kidole chake kikapapasa pembeni, kikarudi, kikapapasa tena. "Aliandika jina langu hapa siku tuliyolinunua. Nikamgombeza, unaharibu kitu kizima! Kisha kutu ikalifunika. Ndiyo maana nimekuletea, nilione tena."

Mbaruku akautia msasa mfukoni. "Kutu hula, mama. Huenda ililila."

"Lote?"

"Lote."

"Basi kosa si lako. Ahsante, mwanangu."

Akampa mkono, na Mbaruku akaupokea kabla hajaufuta wake. Walipoachana, Bi Zaituni alikitazama kiganja chake. Vumbi la kijivu, si jeupe kama kutu, lilikuwa limemwingia kwenye mistari ya mkono, laini, likimetameta. Akakigeuza taratibu kwenye jua.