Nguchiro na Muhuri wa Kobe

Alikuwako Nguchiro asiyejua kutulia. Alitaka kuweka waifai ya bure katika Bustani ya Jiji, ili kila mnyama apate mtandao. Kilichobaki ni muhuri wa Kobe, karani wa vibali, ambaye jibu lake lilikuwa moja tu: "Njoo kesho, mwanangu."

Siku ya saba Nguchiro akaingia akirukaruka. "Shikamoo, Mzee Kobe! Bustani tuiache kwanza. Niruhusu nijaribu mtambo hapa dirishani kwako."

"Marahaba. Majaribio hayahitaji muhuri," alisema Kobe, akarudisha kichwa gambani alale.

Hakulala. Kabla ya adhuhuri ngedere walijaa dirishani na simu zao wakiangua vicheko, ngiri wakakalia mafaili, na Kasuku akapiga kelele, "Babu, sogea, unatuzibia mtandao!"

Kobe akatoa shingo yote. "Nguchiro! Karatasi yako ya kibali iko wapi?"

"Niilete kesho, mzee?"

"Kesho ya nani? Lete hapa!"

Muhuri ukagonga, pa! Wanyama wakamiminika bustanini kwa vifijo, Nguchiro mbele yao na mtambo begani.

Asemaye kesho, mpelekee kero leo.